Mke wa Kadi

"Purity Mwinga," aliita muuguzi kutoka mlangoni, na baba akamgusa mama kwa kiwiko.

Mama hakutikisika. Alikuwa ameketi kati yetu kwenye benchi, leso mbili amejifunga kiunoni na ya tatu ameikalia, mikono ameilaza mapajani kama mizigo ya mtu mwingine aliyoombwa amshikie. Uso wake ulikuwa wa majivu. Muuguzi akaita tena, kwa sauti ya juu zaidi, akiangaza huku na huku juu ya vichwa vya watu.

Baba akamwinamia. "Inuka. Unaitwa."

Mimi ndiye niliyegeuka. Nilidhani masikio yamenidanganya. Purity ni mke mdogo wa baba. Ni rika langu, na saa ile hakuwepo Msambweni. Alikuwa nyumbani, kule bara nyuma ya Mackinnon Road, akichunga mbuzi walioachwa zizini asubuhi. Mama yangu anaitwa Dama. Hajawahi kuitwa vingine maishani mwake.

"Baba," nikasema, "mbona wanamwita mama kwa jina la mama mdogo?"

"Nyamaza, Jumwa. Mambo ya hospitali huyajui." Alisema hivyo bila kunitazama, macho yake kwa muuguzi, na tabasamu tayari mdomoni, lile tabasamu lake la sokoni. Akainua kadi juu ili ionekane.

Ukutani, kando ya mlango ule, palikuwa na bango. Nililijua, lilikuwa limebandikwa kila zahanati kutoka Kinango hadi Lunga Lunga. Baba ndiye aliyekuwa katikati ya bango, amevaa kofia ya kijani, mkono mmoja begani kwa Purity na mwingine kichwani kwa mtoto wao. Wote watatu walikuwa wakicheka. Chini yao paliandikwa: Familia yangu imejikinga. Yako je?

Muuguzi akamtazama baba na kofia yake. Akalitazama bango. Kisha akamtazama mama, taratibu.

"Purity ni nani hapa?" akauliza.

"Ni huyu," akasema baba.

Mama akafumbua mdomo kwa mara ya kwanza tangu tushuke garini. "Huyo unayemwita hakuja," alimwambia muuguzi. "Mimi ni Dama wa Sanga. Mimi ndiye ninayetokwa na damu."

Kisha akateleza kutoka kwenye benchi, polepole, kama nguo inayoanguka kutoka kwenye kamba, na leso aliyokuwa ameikalia ikabaki pale juu, nyekundu tupu, kila mtu akaiona.

*

Mfuko wenyewe wa matibabu, ule wa kadi na bango, sina neno nao. Uliitwa Mkeka Mmoja, na maana yake ilikuwa kwamba sote tumeketi mkeka mmoja, mgonjwa na mzima. Ulikuwa mfuko wa hiari usiotafuta faida, wa watu wasio na mishahara: wakulima, wafugaji, kina mama wa mkaa, wapagazi wa sokoni. Kila kaya ilichanga kidogo baada ya mavuno, wafadhili wakaongeza, na palipoishia bima ya serikali Mkeka ukaanzia hapo. Niliwaona waliotibiwa. Jirani yetu mmoja alivunjika paja, akaungwa chuma ndani ya mguu, leo anatembea. Hotelini ninakofanya kazi, vijana wa kutoka bara waliponisikia nikiutaja walinicheka. Kwao mkeka ni karatasi ya kubeti. "Auntie, hiyo mkeka yenu imewahi kulipa?" aliniuliza Ashley wa mapokezi. Nikamwambia ndiyo, imelipa. Ilikuwa kweli.

Ninayemdharau ni mtu mmoja, na nina damu yake.

Baba alikuwa dalali wa mifugo. Kazi ya dalali ni kusimama kati ya mwenye mbuzi na mwenye pesa, ashike mkono wa huyu na mkono wa yule, na kila mmoja aondoke akiamini kwamba dalali alikuwa upande wake. Alikuwa hodari. Alijua kumsifu mbuzi aliyekonda mpaka mwenye mbuzi mwenyewe akajuta kumuuza. Kwa hiyo Johnstone, afisa wa Mkeka kutoka Nairobi, alipokuja kutafuta mwenyekiti wa kamati ya kijiji, hakutafuta sana. Alimkuta baba amesimama mbele, amekwisha kujitwika uenyekiti kabla haujatajwa.

Johnstone alikuwa kijana mwenye viatu safi. Nitasema hivyo tu juu yake. Sikumbuki jingine lililokuwa lake mwenyewe. Maneno yake yote yalikuwa ya kukaririwa. Alimpenda baba kwa sababu baba alipendeza kwenye picha, na alimwambia kuwa kila mahali watu wanahitaji kuona mfano: baba, mama, mtoto, familia moja iliyojikinga. Baba alilishika neno hilo. Tangu hapo akawa mfano. Alizunguka mabomani na kofia yake, akisimama kwenye mazishi na harusi, akiwauliza wanaume wenzake kama wao ni wanaume wa namna gani wasioweza kuwakinga wake zao. Aliwaaibisha hadharani. Mzee Kitsao, karani wa kamati, ambaye hakuwa mtu wa kusukumwa, aliniambia kwamba yeye alimwandikisha mkewe kwa hasira tu, ili Mwinga, yaani baba, anyamaze.

"Na mama umemwandikisha?" nilimuuliza baba nilipokwenda nyumbani Krismasi ile.

"Nimewaandikisha wote," akasema. "Ningekuwaje mwenyekiti?"

Sikuuliza zaidi. Ni swali gani zaidi ambalo mtoto humuuliza baba yake?

Miezi kadhaa baadaye wakubwa wa Mkeka walifanya kongamano kwenye hoteli ninayofanyia kazi huko Diani. Mimi ni msimamizi wa usafi wa vyumba. Nilikuwa ukumbi wa chini na toroli yangu ya mashuka, milango ya mkutano ilipofunguliwa watu wakatoka kwenda kunywa chai. Baba alikuwa miongoni mwao. Alivaa suti ambayo sikuijua, na kwenye shingo yake palining'inia kitambulisho kirefu chenye picha. Kando yake alikuwa Johnstone na mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele fupi nyeupe. Baba alikuwa akizungumza, mikono ikienda hewani, na Johnstone akimtafsiria yule mama.

"Nyumbani kwangu," alikuwa akisema, "mke wangu hana hofu. Mke wangu analala usingizi."

Walinipita. Toroli ilikuwa kubwa, njia nyembamba, ikabidi wapite mmoja mmoja, na baba alipofika sawa na mimi nikatabasamu. "Shikamoo, baba," nikasema.

Aliniona. Naapa aliniona; mboni zake zilitua usoni mwangu, zikasoma sare yangu na vitambaa vya kusugulia vilivyoning'inia kiunoni, halafu zikaendelea mbele kama mtu anayesoma ubao wa duka asilolihitaji.

"Marahaba, mama," akasema, kwa upole kabisa, jinsi mgeni anavyomwitikia mtumishi. Kisha akamgeukia yule mama wa Kizungu, akaendelea na mke wake anayelala usingizi.

Nilisukuma toroli yangu. Nilitandika vitanda vyote vya ghorofa ile siku hiyo, na sikuweza kukumbuka hata kimoja.

*

Mama alianza kuvuja damu kabla ya mvua za vuli ambazo hazikuja. Hakusema. Alikuwa na nyumba yake ya udongo upande wa chini wa boma, shamba lake la mtama uliokauka, na desturi ya miaka mingi ya kutomsumbua mtu. Purity ndiye aliyegundua, kwa sababu ndiye aliyekuta leso zimeanikwa nyuma ya choo, nyingi mno, zenye madoa yasiyotoka.

Alinipigia simu mchana wa jua kali. Mimi na Purity hatukuwa marafiki. Alipoolewa kanisani, na gauni jeupe, baada ya baba kuhamia dini ya kwao ghafla, nilikuwa nimekula kiapo cha kutomwita mama mdogo, kiapo ambacho adabu ilinivunjisha baada ya wiki. Sauti yake kwenye simu ilikuwa ndogo.

"Jumwa, mamako amekaa chini na hawezi kuinuka. Ameniomba nisimwambie mtu. Nakuambia wewe."

"Baba yuko wapi?"

"Yuko hapa. Anasema ni uzee, itaisha."

Nikamwambia amtafutie gari. Nikamwambia ampe baba simu, na baba alipoichukua nikamwambia kwamba kama mama hatafika Msambweni kesho asubuhi nitakuja mimi na maaskari. Sikuwa na maaskari. Lakini baba ni dalali, na dalali hajui kupima kitisho asichokitarajia.

Walikuja kwa gari la kukodi, wakapitia Kinango na Kwale, nikawadaka Ukunda. Baba alikaa mbele na kofia yake. Purity hakuja, aliambiwa abaki na mbuzi. Sikujua kwamba kadi yake ilikuwa mfukoni mwa baba.

*

Mama alipoanguka, hakuna aliyeuliza jina tena. Walimbeba ndani, wakamwongezea damu, wakamtundikia maji. Jioni kabla jua halijazama Daktari Abdurahman alituita mimi na baba kwenye chumba chake kidogo. Alikuwa mtu mnene, mchovu, mpole wa sauti. Alitueleza kwamba kizazi cha mama kimejaa uvimbe, kwamba damu waliyompa itavuja kama ile ya kwanza, na dawa ni moja tu, kukitoa kizazi. Wiki hiyohiyo.

"Kitolewe," akasema baba, na akaiweka ile kadi mezani.

Daktari akaisoma. "Mzee, hii kadi si yake."

"Ni ya nyumba moja, daktari. Ni wake zangu wote wawili."

"Ningeandika kwamba Purity Mwinga, mwanamke kijana, nimemtoa kizazi. Siku atakapokuja hapa kujifungua, nitamwandikia nini?"

Baba alifikiri. Nilimwona akifikiri, na nataka niseme nilichokiona, kwa sababu mpaka leo sijakisahau. Alikuwa akitafuta bei. Alikuwa akilizunguka lile swali kama anavyozunguka mbuzi kilema, akitafuta upande wa kumsimamisha mnunuzi ili mguu usionekane.

"Mungu ana miujiza yake," akasema.

Daktari Abdurahman akaisukuma kadi nyuma kwa kidole kimoja. "Ukiitumia hii kwa mgonjwa mwingine, mfuko utaifuta nyumba nzima. Nimeona wakifutwa. Nenda kaongee na watu wako. Wana fungu la huruma, nimewahi kutibia watu kupitia hilo."

Kweli lilikuwepo. Baba alilijua vizuri kuliko daktari, ndiye aliyelisimamia. Ilikuwa hivi: mtu asiye na kadi akipatwa na jambo kubwa, kamati ya kijiji ingekaa hadharani, mkuu wa kaya angesimama aeleze kwa mdomo wake kwa nini mgonjwa aliachwa nje, na kamati ingeamua. Kusema mbele ya watu ndiyo iliyokuwa adhabu yote. Wanaume wengi walikuwa wameipitia, mbele ya baba, na yeye akawahubiria kwa urefu kabla hajawapitisha.

Tulitoka nje. Upepo wa bahari ulikuwa ukivuma kati ya majengo, na kofia yake akaishika isipeperuke.

"Itisha kamati," nikamwambia.

"Nitasemaje mbele za watu?"

"Utasema ulichofanya."

"Jumwa, mimi ni mwenyekiti. Ukinivua mimi nguo, ule mfuko wote umeuvua nguo. Watu watatoka." Alisema kwa uchungu wa kweli. Alikuwa amejiaminisha.

"Basi uza mbuzi."

"Mbuzi wamekonda. Mtu hauzi wakati kama huu." Akatazama juu, mbingu haikuwa na wingu hata moja. "Tungoje mvua. Wakishiba kidogo nitauza hata kumi."

Nilimwangalia mtu huyu. Aliyemwangalia mama yangu akitokwa na damu kwenye benchi, akahesabu kwamba bei ya mbuzi itapanda mvua ikinyesha. Nilitaka kumpiga. Badala yake nilihisi kitu kikitulia ndani yangu, kikiganda, kama mafuta ya ng'ombe yaliyoondolewa motoni, na tangu siku ile sijamkasirikia tena. Hasira ni ya mtu unayemtarajia kitu.

Nilimpigia Purity. Nilimweleza yote, na jina lake lilivyotumika.

"Alichukua kadi yangu akasema anaipeleka kupigwa muhuri," akasema. Kisha akaongeza, "Na mimba ninayo tayari. Sijamwambia bado."

*

Purity ndiye aliyeiitisha kamati. Alikwenda nyumba kwa nyumba na mtoto mgongoni, akaanza kwa Mzee Kitsao. Mimi niliomba ruhusa kazini, nikapanda kwenda nyumbani, na nilipofika watu walikuwa wamejaa kwenye banda la mabati la soko la mifugo, wengi kuliko siku ya mnada. Malori yalikuwa yakinguruma kwenye barabara kuu, na kila lilipopita mtu aliyekuwa akisema alisubiri.

Baba aliketi kwenye kiti chake cha mwenyekiti. Hakufikiria kuketi kwingine. Alifungua mkutano kwa sala, akawashukuru waliohudhuria, akasema kwamba leo msiba umebisha mlangoni kwake mwenyewe, na kwamba yeye kama kiongozi hatajipendelea. Atafuata utaratibu kama mwananchi yeyote. Watu wengine walitikisa vichwa kwa heshima. Nilimwona mwanamke mmoja akijifuta jicho.

"Mwenyekiti," akasema Mzee Kitsao, "Dama aliachwaje?"

Baba akapumua. Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Mimi nilimbembeleza," akasema. "Mnajua wanawake wa zamani. Nilimwambia, Dama, ingia kwenye mkeka. Akakataa. Akasema mambo ya kadi ni ya watoto wa shule, yeye ana mizizi yake. Mume atafanya nini? Nitamfunga kamba?"

Lori likapita. Lilikuwa refu, la makontena mawili, likachukua muda. Watu waliketi wakitazamana ndani ya ule mngurumo, na mimi nilikuwa nimesimama tayari, maneno yote niliyoyapanga njiani yamenipotea, kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba angemsingizia mama mwenyewe. Nilijua ni mwoga, lakini sikujua kwamba woga wake ungekwenda mpaka kitandani kwa mtu asiyeweza kujibu.

Kelele zilipokwisha Purity alikuwa amesimama.

"Nilikuwepo," akasema.

"Purity, kaa," akasema baba.

"Siku ile afisa alikuja boma, mimi ndiye niliyepika chai. Afisa alimuuliza, mzee una wake wangapi? Akasema mmoja. Afisa akamuuliza, na nyumba ile ya chini ni ya nani? Akasema ni ya shangazi yake." Alisema polepole, bila kuinua sauti, akitazama chini. "Dada Dama alikuwa mlangoni pale, amesimama na kuni. Alisikia. Aliniangalia, akaenda zake. Hakuna aliyembembeleza kitu."

Mbuzi mmoja aliyesahauliwa na mnada wa jana akakohoa pembeni.

"Mbona hukusema siku ile?" Mzee Kitsao akamuuliza, si kwa ukali.

"Nilikuwa nimeolewa juzi," akasema Purity. "Na nilipenda kuwa mmoja."

Sijawahi kumpenda mtu kwa ghafla kama nilivyompenda yeye kwa jibu lile. Halikuwa na urembo wowote. Baba alikuwa hapo mbele, mwanamume mzima, na katika maisha yake yote hakuwahi kutoa sentensi moja iliyonyooka namna ile.

"Mnanivunjia heshima," akasema baba.

"Heshima ipi, Mwinga?" akauliza Mzee Kitsao. Alikuwa ameacha kumwita mwenyekiti, na kila mtu alisikia.

Baba akatoa simu, akampigia Johnstone, akaiweka sauti ya nje ili kamati isikie afisa mwenyewe atakavyomtetea. Johnstone alisikiliza. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha haraka kwamba hilo ni suala la kamati, yeye hawezi kuingilia, lakini angependa kujua kama kuna mtu anarekodi, "kwa sababu yale mabango bado yako kwenye print, mzee, elfu mbili mpya, unaelewa?" Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikaenea, hata mzee Matano, ambaye hasikii vizuri, akacheka kwa kuona wenzake wanacheka. Baba akakata simu.

Walipiga kura kwa mikono. Dama wa Sanga apewe fungu la huruma: mikono yote. Kisha Mzee Kitsao akasema lipo jambo la pili, na baba, ambaye si mjinga, akasimama kabla halijatajwa. Alitoka bandani akipita katikati ya watu, akiwapa mikono, akiwashukuru kwa kumsaidia katika mtihani huu mzito. Walimpa mikono. Wangefanyaje? Nje alikutana na mnunuzi mmoja wa Voi, na mimi nikiwa bado mlangoni niliwasikia wakianza kuongea habari za ndama.

*

Mama alipasuliwa, akaamka. Daktari Abdurahman alisema kwamba kuchelewa siku chache zaidi kungemuua. Alilala wodini kitanda cha pili kutoka dirishani, anakunywa uji kidogo kidogo, rangi ikimrudia kuanzia kwenye viganja. Purity alikuja kumtazama, akamchana nywele. Hawakuzungumza juu ya banda, angalau si mbele yangu. Walizungumza juu ya kuku.

Na baba alikuja. Jumamosi, saa za kutazama wagonjwa, bila kofia, na chupa ya sharubati mkononi. Alisimama mguuni mwa kitanda, akawasalimu wagonjwa wote wa wodi ile, na alipoulizwa na bibi mmoja wa Shimoni kama ndiye mume, akasema ndiye.

"Haikuwa kazi rahisi," akamwambia yule bibi. "Kamati ilikuwa ngumu. Nilisimama mbele ya watu wote nikampigania."

"Mwenyezi Mungu akulipe," akasema bibi.

Nilifungua mdomo. Mama akanigusa mkono, kidogo tu, kisha akageuza uso ukutani akafumba macho, na hakuyafumbua mpaka baba alipokwenda. Sharubati mama aliniambia nimpe bibi wa Shimoni.

Haya yote ni ya mwaka juzi. Mama hakurudi bomani; anakaa nami Ukunda, kwenye chumba cha pili, na ana vitalu vya mchicha nyuma ya nyumba ambavyo mwenye nyumba anajifanya havioni. Purity alijifungua msichana. Amejitengea kaya yake, ana kadi yake, na anauza nguo za mitumba pale Mackinnon Road. Baba alifutwa uenyekiti na mfukoni, na bango likabanduliwa, ijapokuwa katika zahanati moja ya njia ya Mkongani nililiona bado, limefifia na jua. Siku hizi ana kikohozi. Mbuzi wengi walikufa kabla mvua hiyo aliyoingoja haijanyesha.

Mwaka huu, uandikishaji ulipofunguliwa, alishuka mpaka Ukunda. Alitukuta mimi na mama tumeketi kwenye ofisi ya Mkeka mbele ya Jacinter, dada mmoja mchangamfu kutoka bara, ambaye alikuwa akimwandikisha mama kama mkuu wa kaya. Mama alikuwa ametaja jina langu kama mtu wa kaya yake. Baba alisimama mlangoni, amekonda, shati limemzidi. Aliwasalimu wote vizuri. Kisha akasema, akimwelekea Jacinter badala ya mama, kwamba sheria inaruhusu mkuu wa kaya kumweka mwenzi wake.

"Inaruhusu," akasema Jacinter. Akamtazama mama. "Ni mzee wako?"

Nilimgeukia mama. Nilikuwa na maneno tayari safari hii, mengi, yaliyoiva kwa miaka miwili. Nilitaka aseme ni mjomba wake tu, kama baba alivyomwita yeye shangazi. Nilitaka amsalimie kwa upole kabisa, kama mgeni, kisha aendelee na shughuli zake.

Mama alimtazama baba kwa muda, kuanzia viatuni kwenda juu. Baba alianza kutabasamu.

"Mwandike," mama akamwambia Jacinter.

"Mama," nikasema.

"Mwandike. Akiugua watamtibu wao." Akafunga upya fundo la leso yake, akainuka, akaushika mkono wangu. "Mimi sitaki kumuuguza."